Faili Kutoka Chumba Hadi Chumba: Kuunganisha Kompyuta za Nyumbani Bila Kufungulia Ploti Nzima

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa wadi ya Chaani, kaunti ndogo ya Changamwe, kuhusu matatizo ya kugawana faili kati ya kompyuta za nyumbani na namna ya kuyatatua kwa usalama.



Kuna jambo dogo linalosumbua nyumba nyingi siku hizi. Nyumba ina kompyuta mbili. Moja iko sebuleni, ni ya zamani kidogo, na imeunganishwa na printa. Nyingine ni laptopu ya mtoto aliye chuoni, au ya baba anayeshughulikia karatasi za mizigo ya bandari ya Kilindini hata baada ya saa za kazi. Faili iko kwenye moja, nayo inatakikana kwenye nyingine. Flashi diski inatafutwa, haionekani. Ikionekana, imetoka saiba na imebeba kirusi. Mwishowe faili inatumwa kwa WhatsApp au barua pepe kutoka chumbani hadi sebuleni, hatua kumi, kwa bando la kununua.

Wengine wamejaribu njia iliyo bora, yaani kuziunganisha kompyuta hizo ili folda ya moja ionekane kwenye nyingine. Wakajaribu mara moja, skrini ikakataa, wakaacha. Au wakamwita kijana anayejua kompyuta, naye akafungua kila mlango mpaka faili ikapita. Mazungumzo haya yanahusu mambo hayo mawili: namna ya kutafuta kasoro kwa utaratibu, na sababu ya kutofungua kila mlango.

Mtandao wa ndani hauli bando

Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na tangu hapo intaneti ya Kenya imeongezeka kasi. Faili inayotumwa kwa barua pepe hutoka nyumbani hadi kwa kampuni ya mtandao, ikaenda kwenye kompyuta kubwa za kuhifadhi zilizo mbali, pengine ng'ambo, kisha ikarudi Chaani. Safari yote hiyo ni ya kuvuka ukuta mmoja, na hulipiwa kwenda na kurudi.

Kompyuta mbili zilizo kwenye ruta moja hazina haja ya safari hiyo. Ruta ile yenye taa, inayotoa waifai, huzungumza na zote mbili. Faili hutoka kwenye ya kwanza, ikapita kwenye ruta, ikaingia kwenye ya pili. Haitoki nje ya nyumba. Kwa hiyo haitumii bando, na hufanya kazi hata siku ambayo malipo ya intaneti yamekwisha. Kinachohitajika ni umeme wa kuiwasha ruta. Tokeni zikiisha, ruta huzimika, na hata laptopu yenye chaji haitaiona mwenzake.

Lugha ambayo kompyuta hutumia kugawana faili inaitwa SMB. Ilianza katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, Microsoft ikaiendeleza, na leo inaeleweka na kompyuta za Windows, za Apple na zile zinazotumia Linux. Kwa hiyo kuwa na kompyuta za aina mbili tofauti si kikwazo. Kikwazo mara nyingi ni mojawapo ya mambo machache yanayojulikana, na yanaweza kukaguliwa moja baada ya jingine.

Mfano wa mweka hazina

Tuchukue mfano wa mama ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini. Daftari la chama liko kwenye kompyuta ya sebuleni: nani ameweka ngapi, nani amekopa, nani amerudisha. Binti yake humsaidia kuandaa hesabu kwenye laptopu, chumbani. Kwa miezi kadhaa folda ya chama ilikuwa ikifunguka kwenye laptopu bila shida. Intaneti yao ni ya ploti: mwenye ploti ameweka ruta moja, wapangaji wote wanachanga kila mwezi, na wote wana nywila moja ya waifai.

Siku moja mwenye ploti anabadilisha ruta. Tangu siku hiyo laptopu haioni kompyuta ya sebuleni. Mkutano wa chama ni Jumapili. Anaitwa fundi. Fundi anazima fayawoli, yaani ule mlinzi wa kompyuta anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Anaondoa sharti la nywila. Kwenye folda anachagua 'Everyone', maana yake kila mtu, na kuwapa ruhusa zote. Folda inafunguka. Fundi analipwa, anaaga.

Lakini "kila mtu" si mama na binti yake pekee. Kila laptopu iliyo kwenye waifai ya ploti sasa inaweza kuiona folda ya chama, kuifungua, kuibadilisha na kuifuta. Mtoto wa chumba cha nne, akichezea laptopu ya kaka yake, anaweza kuikuta na kubofya asipopajua. Faili ikifutwa kupitia mtandao, kwa kawaida haiendi kwenye pipa la taka la kompyuta yake wala la yule aliyeifuta. Inapotea moja kwa moja. Jumapili ikifika, mweka hazina hana daftari, na akina mama ishirini wanamtazama.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Windows ikikutana na ruta mpya huiona kama mtandao mgeni, na kwa kawaida huuweka katika kundi la 'Public', yaani mtandao wa watu wote, kama ule wa hotelini. Ikiwa katika hali hiyo huificha kompyuta isionekane na wengine. Haikuharibika, ilikuwa ikijilinda, na ilikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Hatua saba za kukagua

Kosa la wengi ni kubadilisha mambo matano kwa pamoja. Folda ikifunguka, hakuna anayejua ni badiliko gani lililosaidia, na yale mengine manne yanabaki yamefunguliwa milele. Njia nzuri ni kubadilisha jambo moja, kujaribu, na kama halikusaidia, kulirudisha lilivyokuwa kabla ya kuendelea. Maneno ya kwenye skrini yanatajwa hapa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyoonekana kwenye kompyuta nyingi.

Kwanza, je, kompyuta yenye faili iko macho? Kompyuta nyingi hulala zenyewe baada ya dakika kadhaa zisipoguswa. Ikilala, haijibu mtu. Mtu anaweza kupoteza saa nzima akitafuta kasoro kumbe kompyuta ya sebuleni imelala. Iamshwe, kisha ijaribiwe tena.

Pili, je, zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja? Laptopu inaweza kuwa imeshika hotspoti ya simu huku ya sebuleni ikiwa kwenye ruta. Ruta nyingine hutoa waifai mbili, moja ya wenyeji na moja ya wageni, na wa upande wa wageni hawaruhusiwi kuwaona wenyeji. Njia ya kuhakikisha ni kufungua dirisha la amri kwenye kila kompyuta na kuandika ipconfig. Itatokea anwani ya namba nne, na katika nyumba nyingi huanza na 192.168. Mara nyingi namba tatu za mwanzo zikifanana, kwa mfano 192.168.1.5 na 192.168.1.9, kompyuta hizo ziko pamoja. Zikitofautiana, huenda ziko kwenye mitandao miwili. Kompyuta ya waifai ikionyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake ruta haijaipa anwani. Ikatwe kwenye waifai na kuunganishwa upya, au ruta izimwe na kuwashwa.

Tatu, mtandao huo umewekwa katika kundi gani? Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows kuna 'Public' na 'Private'. Penye 'Public' kugawana faili hufungwa. Penye 'Private' huruhusiwa, na hapo vitu viwili vinapaswa kuwashwa: 'Network discovery', ili kompyuta zionane, na 'File and printer sharing', ili zigawane. Lakini kabla ya kuchagua 'Private' kuna swali la kujibu kuhusu majirani, nalo linafuata baadaye katika mazungumzo haya. Anayetumia waifai ya ploti asibofye bado.

Nne, je, tatizo ni jina tu? Wakati mwingine kompyuta ipo na iko tayari, ila jina lake halionekani kwenye orodha ya mtandao. Badala ya kuitafuta kwenye orodha, mkazi aandike anwani yake moja kwa moja juu ya dirisha la folda: mistari miwili ya kulala nyuma, kisha namba, kwa mfano \\192.168.1.5. Folda ikifunguka kwa namba lakini si kwa jina, basi milango yote ni mizima na kilichokwama ni utambulisho tu. Fayawoli haina hatia hapo. Kuizima ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la mtu mwingine.

Tano, nywila ni ipi? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Skrini inaomba jina na nywila, nao wanaandika zile namba nne wanazofungulia kompyuta kila asubuhi. Zile namba ni za kufungulia mashine ile ukiwa umeketi mbele yake. Hazipiti kwenye mtandao. Kinachotakikana ni jina la mtumiaji wa kompyuta yenye faili, pamoja na nywila kamili ya mtumiaji huyo. Kama kompyuta hiyo hufunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, jina ni anwani ya barua pepe na nywila ni ya akaunti hiyo. Kama haina nywila kabisa, Windows kwa kawaida haitakubali jina lake litumike kutoka kompyuta nyingine. Iwekewe nywila. Na kama nywila ilibadilishwa hivi karibuni, huenda laptopu bado inakumbuka ya zamani na kuipeleka kimyakimya kila mara. Ile ya zamani ifutwe mahali panapoitwa 'Credential Manager', kisha iandikwe mpya.

Njia safi zaidi ni kufungua mtumiaji mpya kwenye kompyuta ya sebuleni, wa kazi hiyo moja ya kugawana faili, mwenye nywila yake. Binti akipewa hiyo, mama hana haja ya kutoa nywila yake ya barua pepe.

Sita, ruhusa ya folda ikoje? Folda ina kufuli mbili. Moja ni ya wanaokuja kupitia mtandao, nyingine ni ya folda yenyewe ndani ya diski. Mtu anayetoka kwenye mtandao lazima aruhusiwe na zote mbili, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoamua. Ndiyo maana mtu huona folda kwenye orodha, akibofya anaambiwa hana ruhusa. Suluhisho ni kuliongeza jina la mtumiaji yule kwenye kufuli zote mbili. 'Everyone' haihitajiki.

Saba, umri wa kompyuta. Kompyuta ya zamani sana huzungumza SMB ya kwanza, na kompyuta mpya hukataa kuijibu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 Windows 10 mpya zimekuja bila lugha hiyo ya kwanza kuwashwa. Baadhi ya matoleo mapya ya Windows 11 pia hukataa folda inayofunguka bila jina wala nywila. Wako watakaoshauri SMB ya kwanza iwashwe tena ili vifaa vya zamani vikubalike. Ushauri huo usifuatwe.

Yaliyotokea Mei 2017

Sababu ya kusema usifuatwe ina tarehe yake. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuenea duniani. Kilifunga faili za kompyuta kwa msimbo, kikaweka tangazo kwenye skrini kudai malipo ili zifunguliwe. Katika siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 ziliathirika katika nchi takriban 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zilivurugika. Wagonjwa waliokuwa na miadi wakarudishwa nyumbani na baadhi ya magari ya wagonjwa yakapelekwa hospitali nyingine.

Kirusi hicho hakikuhitaji mtu abofye chochote. Kilipita kupitia mlango uleule wa kugawana faili, kwenye kompyuta zilizokubali SMB ya kwanza na ambazo hazikuwa zimesasishwa. Kikishaingia kwenye kompyuta moja ya mtandao, kilitafuta jirani zake. Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho miezi miwili kabla, Machi 2017. Waliokuwa wameliweka walisalimika.

Somo kwa Chaani ni la moja kwa moja. Kompyuta isasishwe. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Familia yenye kompyuta kuukuu isiyoweza kupata masasisho inaweza kuendelea kuitumia kwa kuchapisha na kuandika, lakini isiipe kazi ya kuwa ghala la faili za nyumba nzima.

Geti la ploti na mlango wa chumba

Sasa turudi kwenye lile swali lililoachwa. Katika ploti zetu kuna geti moja na milango mingi. Kila mpangaji ana ufunguo wa geti, na hakuna anayeona ajabu. Lakini hakuna anayelala huku mlango wa chumba chake uko wazi kwa sababu geti limefungwa. Waifai ya pamoja ni hivyo hivyo. Nywila ya waifai ni ufunguo wa geti tu: inasema nani yuko ndani ya ua, lakini haisemi nani ni wa familia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua 'Private', mkazi ajiulize: nani mwingine ana nywila ya waifai hii? Kama ni watu wa nyumba yake pekee, achague 'Private' bila wasiwasi, aache fayawoli ikiwa imewashwa, na folda iwe na nywila. Kama ni ploti nzima, aache 'Public' ilivyo na atafute njia nyingine. Njia hizo ni tatu, na mbili kati yake hazina gharama kubwa.

Njia ya kwanza ni hotspoti ya simu. Hotspoti inawashwa kwenye simu ya mama, laptopu na kompyuta ya sebuleni zote zinaunganishwa hapo, ikiwa hiyo ya sebuleni ina waifai. Kwa simu nyingi hotspoti hufanya kazi hata data ya simu ikiwa imezimwa, hivyo kompyuta zinaonana bila kula bando. Hotspoti iwe na nywila, na izimwe kazi ikiisha.

Njia ya pili ni waya wa mtandao kati ya kompyuta moja na nyingine. Kompyuta za miaka ya karibuni hazihitaji waya maalumu. Waya wa kawaida wa ruta unatosha. Hapa zile namba za 169.254 zitaonekana kwenye zote mbili, na safari hii si kosa: hakuna ruta ya kutoa anwani, basi kompyuta zimejipa zenyewe, na zitaelewana. Njia hii pia ni ya haraka kuliko waifai kwa faili kubwa kama video za harusi.

Njia ya tatu ni ruta ndogo ya familia, nyuma ya ruta ya ploti. Waya utoke kwenye ruta ya ploti uingie kwenye ruta ya familia, na kompyuta za nyumba zishike waifai ya ruta hiyo ya pili. Intaneti itapita kama kawaida, lakini majirani hawataziona kompyuta zilizo nyuma yake. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Waya uingie kwenye tundu la intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi yake au limetengwa na mengine. Ukiingizwa kwenye matundu ya kawaida, familia inaweza kujikuta iko uani pamoja na wengine ikidhani iko chumbani. Na ruta hizo mbili zisitoe anwani zinazofanana: kama za ploti zinaanza na 192.168.1, za familia zianze na 192.168.2. Na iwapo familia itauweka mtandao wake katika kundi la 'Private', nywila ya waifai yake isitoke nje ya nyumba.

Kuna ploti ambazo mwenyewe ameiweka ruta ili vifaa vya wapangaji visionane kabisa. Intaneti inapatikana, lakini kompyuta mbili za nyumba moja hazionani hata zikikaguliwa hatua zote saba. Mpangaji asigombane naye wala asimwombe aliondoe zuio hilo. Linamlinda yeye pia. Atumie mojawapo ya njia tatu zilizotajwa.

Faili za watu wengine zina sheria

Picha za familia na nyimbo ni mali ya nyumba, na namna ya kuzigawa ni hiari ya wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiingilii matumizi ambayo ni ya binafsi au ya nyumbani tu. Lakini kompyuta nyingi za Chaani zina zaidi ya hayo. Kuna nakala za vitambulisho za wateja, karatasi za mizigo, orodha za wapangaji, rekodi za wagonjwa wa kliniki ndogo, majina na namba za wanachama wa chama. Hiyo ni data ya watu wengine, na anayeishika kwa kazi au biashara ana wajibu wa kuilinda. Folda iliyo wazi kwa kila mtu kwenye waifai ya ploti si ulinzi.

Upande wa pili nao una sheria. Jirani anayeikuta kompyuta ya mwenzake kwenye orodha ya mtandao asichukulie kuwa amekaribishwa. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi kwa kuvunja ulinzi wake, bila idhini, ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wazazi wenye vijana wadadisi wawaeleze hivyo mapema.

Kugawana si kuhifadhi

Jambo la mwisho huchanganywa na wengi. Mtu anaona faili yake kwenye kompyuta mbili na kuamini ana nakala mbili. Hana. Ana faili moja inayotazamwa kutoka madirisha mawili. Ikifutwa dirisha moja, imefutwa. Kirusi kikiingia kwenye laptopu yenye ruhusa ya kuandika kwenye folda ya sebuleni, kinaweza kuzifunga faili za sebuleni pia, hata kama kompyuta ya sebuleni yenyewe ni safi.

Kwa hiyo mambo mawili yafanywe. Ruhusa ya kawaida iwe ya kusoma tu, na ya kuandika apewe yule anayeihitaji kweli, kwa jina lake. Pili, daftari la chama na faili nyingine zisizoweza kutengenezwa upya zinakiliwe kila wiki kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kabatini. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifikia pamoja na mengine.

Kwa aliyekwisha kufunguliwa milango

Pengine wako hapa ambao fundi aliwahi kuwapitia na faili ikaanza kupita. Leo wakirudi nyumbani wakague mambo manne, na kazi hiyo haitazidi dakika kumi na tano. Fayawoli iwe imewashwa. Sharti la nywila katika kugawana faili liwe limerudishwa. Folda zilizogawanywa zikaguliwe, na pale penye 'Everyone' paandikwe jina la mtu anayehusika. Na mtandao uwe 'Private' ikiwa tu waifai ni ya familia peke yake.

Folda ikikataa kufunguka baada ya hapo, wasirudishe ulegevu ule. Waanze hatua ya kwanza: je, kompyuta ya sebuleni iko macho? Kisha waendelee, jambo moja kwa wakati mmoja, huku wakiandika kwenye karatasi walichobadilisha. Fundi akiitwa, aulizwe maswali mawili kabla ya kulipwa: amebadilisha nini, na nani mwingine katika ploti hii sasa anaweza kuiona folda hii. Fundi mzuri atajibu bila kukasirika.

Yule mweka hazina wa mfano wetu angeweza kuwa na hesabu zake Jumapili kwa hotspoti ya simu na nywila moja. Akina mama ishirini wamemwamini kwa pesa zao, na kufuli ya folda ni sehemu ya uaminifu huo.